Chozi Lililohamishwa

Kijiwe chao kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka ambalo mwenyewe alilifunga akaenda zake na hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Ukikaa mwisho wa kushoto, msumari unakuchana suruali. Ukikaa mwisho wa kulia, mwenzako akiinuka ghafla unajikuta chini na kikombe mkononi. Kwa hiyo watu waligombea katikati, na katikati ilikuwa ya wenye mdomo. Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Kifungu, aliyefagia mahakama miaka mingi akatoka na sheria kichwani kama mtu anavyotoka jikoni na harufu ya moshi. Ubavuni mwake alikaa Mawimbi, fundi redio, ambaye kwake hakuna jambo duniani, iwe mvua au talaka, lisilosababishwa na mawimbi ya hewani. Mama wa kahawa alisimama nyuma ya jiko lake la mkaa, akimimina, akisikiliza, na kusema kwa nadra. Na Pindo, fundi cherehani wa baraza ya jirani, ndiye aliyekaa kwenye msumari, maana ndiye pekee aliyeweza kujishonea bila kumsumbua mtu.

Siku hiyo Pindo hakukaa. Alikuja kavaa shati jeusi, macho mekundu, simu kaibana mkononi kama mtu aliyemkamata nyoka shingoni. Alikuwa hajaonekana kijiweni kwa siku kadhaa, na hakuna hapo aliyejua kwamba alikuwa akimzika dada yake.

— Karibu, staa! Kifungu akapaza sauti. Kumbe mwenzetu umekuwa mtu mkubwa hata hutuambii!

— Tumekuona wote, Mawimbi akadakia. Simu ya mke wangu, umo. Simu ya shemeji yangu, umo. Jana nimeletewa simu mbovu, nimeiwasha tu kuijaribu, eti na humo umo, unalia! Nikamwambia mwenyewe, hii imepona.

— Lenzi yuko wapi? Pindo akauliza.

— Kaa kwanza, bwana. Mama, mpe mheshimiwa kahawa.

— Nimeuliza Lenzi yuko wapi.

Hakupaza sauti, lakini mama wa kahawa, aliyekwisha kuinua birika, alilirudisha juu ya jiko bila kumimina.

— Leo hana kazi, atapita tu, akasema Kifungu. Yeye kila anapokosa sherehe ya kupiga video, huja hapa kutukodolea macho. Una naye nini?

— Nataka anirudishie machozi yangu.

Wakacheka. Wakamtazama usoni, wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na video fupi iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Ndani yake yupo Mhamasishaji, yule bwana wa suti za kubana anayejaza kumbi akiwafundisha watu kufanikiwa. Kasimama jukwaani, kipaza sauti kidogo kimemganda shavuni, anasimulia jinsi mama yake mzazi alivyouza kitanda chake mwenyewe ili yeye apate kwenda shule, akalala sakafuni mpaka siku ya kufa. Anasema hayo kwa sauti ya chini, kisha picha inageuka kwa wasikilizaji, na hapo anaonekana mwanamume mtu mzima, kajitundikia futi ya kupimia shingoni, midomo inamtetemeka, machozi yanashuka mpaka kidevuni bila kufutwa. Chini yake pameandikwa: Maneno yanayowaliza hata wanaume.

Mwanamume huyo alikuwa Pindo.

— Sasa ubaya uko wapi? akauliza Kifungu. Mtu kuguswa si dhambi. Mimi mwenyewe nilipoisikia ile ya kitanda, hata kahawa ilinipoa mkononi.

— Mimi sijawahi kuisikia hadithi ya kitanda! Pindo akafoka. Nimeisikia kwenye simu kama wewe! Siku ile sikuwepo alipoisimulia. Nilikuwa nimeshaondoka!

— Lakini si wewe huyu unalia?

— Ni mimi. Lakini silii hicho.

Akawasimulia, akiwa bado kasimama. Dada yake alikuwa amelazwa hospitali. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyemwonyesha hata namna ya kutunga uzi kwenye sindano. Pindo na mpwa wake, binti wa dada, walikuwa wakipokezana kumwuguza. Asubuhi ile mpwa alishika zamu, Pindo akaenda mara moja kupeleka kazi: vizibao vya buluu alivyowashonea wahudumu wa ukumbi kwa ajili ya semina ya Mhamasishaji. Alimwambia mpwa wake, nafikisha mzigo, narudi sasa hivi. Akaingia kwa mlango wa nyuma na furushi begani, akawavisha wahudumu, akambana mmoja wao kiunoni kwa pini, akawa anatoka. Ndipo bosi wa wapiga video, mama mmoja mwenye visikizio masikioni, akamshika mkono.

— Akaniambia, mzee, kaa hapa mbele. Nikamwambia mimi ni fundi tu. Akasema, kaa, kuna viti vitupu, na kiti kitupu kwenye kamera ni kama jino lililong'oka, ukicheka pengo ndilo linaloonekana. Dakika chache, akasema. Nikakaa. Mimi ndiye jino la bandia.

Mara wakaanza kurekodi, milango ikafungwa, ikatangazwa kwamba mtu asiinuke mpaka mapumziko. Pindo akawa kanasa. Mhamasishaji akafungua kwa kuchekesha watu. Katikati ya kicheko hicho simu ya Pindo ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mpwa wake: Mjomba, mama ametutoka.

Mama wa kahawa akasema kwa sauti ndogo:

— Pole, baba. Pole sana.

— Nikalia palepale. Wenzangu wanacheka, mimi nalia. Ilipofika mapumziko nikatoka mbio. Hiyo ndiyo semina yangu. Halafu wao wakachukua machozi yangu, wakayahamisha, wakayabandika kwenye kitanda cha mama wa mtu!

Lakini hilo peke yake, aliwaambia, angeweza kulimeza. Video ilitoka kesho yake, kaburi halijachimbwa bado. Ikaingia msibani kupitia simu za waombolezaji, ikapita mkono kwa mkono, kwa akina mama jikoni, kwa wanaume nje, mpaka ikamfikia mpwa wake. Binti yule akainuka mbele za watu wote, akasema: Kumbe mama yangu anakata roho, wewe mjomba uko kwenye semina unamlilia mama wa tajiri? Pindo akajaribu kueleza habari za vizibao na kiti kitupu, na kila alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Ilikuwa yeye, ndugu pekee wa tumbo moja na marehemu, ndiye aseme neno la kumuaga kaburini. Neno hilo akapewa jirani. Jirani akakosea hata mtaa alikozaliwa marehemu, na Pindo, aliyesimama nyuma ya watu kama mpita njia, hakuthubutu kumsahihisha.

— Mpaka leo hapokei simu yangu, akamaliza.

Kifungu akakohoa. Kimya kilikuwa hakimpendezi, na kila kilipotokea alijiona ni wajibu wake kukiondoa.

— Sikia, ndugu yangu. Kisheria jambo lako ni gumu. Wewe ulikaa kwenye kiti, sivyo? Kiti ni cha nani? Cha mwenye semina. Sasa kiti ni sawa na shamba, na chozi ni sawa na zao. Zao likiota kwenye shamba la mtu ni la mwenye shamba. Ndiyo maana wahenga wakasema, ng'ombe wa maskini hazai.

— Hapo ng'ombe kaingiaje? akauliza mama wa kahawa.

— Kaingia kwa mfano.

— Acheni mambo ya ng'ombe, akasema Mawimbi, akijisogeza mbele. Mnajua zile mashine za kupoza hewa ukumbini? Mnadhani zinapoza bure? Mle ndani huwekwa maji ya vitunguu. Mimi nimefungua mashine nyingi. Hewa inakuja baridi, nzuri, kumbe kitunguu. Saa ya hadithi ya huzuni ikifika, mtu nyuma ya pazia anabonyeza. Wapiga video wote wanalijua hilo. Ilimpata Pindo mapema kwa sababu alikaa karibu na tundu.

— Nimekwambia nililia msiba!

— Na huo ujumbe wa msiba, uliupata kwa njia gani? Kwa mawimbi! Mawimbi ya nani? Ukumbi ule una mtambo wake. Hujiulizi kwa nini ujumbe uje saa ileile kamera inakutazama wewe? Hawa watu wana uwezo wa kuchagua nani apate habari gani saa ngapi. Ukitafakari vizuri, hata dada yako huenda—

Hakumaliza. Pindo alikuwa amemshika ukosi wa shati, na kwa vidole vya fundi cherehani, ukosi ukishikwa umeshikwa.

— Maliza, akasema Pindo. Maliza uone.

— Nimemaliza, akasema Mawimbi, sauti imembana. Nilikuwa nimeshamaliza tangu zamani.

— Dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee, akasema Kifungu akiwaachanisha. Mshike shati taratibu, ni la kuazima hilo.

Wakati huo ndipo Lenzi alipotokea kwenye kona, begi la kamera mgongoni, anatafuna, uso mkunjufu kwa furaha ya mtu asiyejua kinachomngoja. Alikuwa baba wa watoto wawili, mpole, na kazi yake kwenye kikosi cha video ilikuwa kamera ya pili: wenzake humpiga mzungumzaji, yeye hutembea pembeni akitafuta nyuso za wasikilizaji. Alimwona Pindo, akafungua mikono.

— Kaka! Pole na msiba. Nimesikia jana tu. Nilikuwa safarini na kazi, ningekuja—

Pindo akamshika mkanda wa begi.

— Nani aliyehamisha machozi yangu?

Lenzi akatazama ubaoni, akatafuta wa kumsaidia. Kila mmoja alikuwa ghafla anachungulia kikombe chake.

— Kaka, mimi nilitaka kukuona kwa hilo hilo.

— Nani?

— Mimi napiga tu, kaka. Nikimaliza, natoa kila kitu nampa mhariri. Yeye ndiye anayekata na kuunga. Na mhariri hafanyi kwa kichwa chake, anafuata anachosema bosi. Na bosi anafuata mteja anataka nini. Mteja akisema anataka watu waonekane wameguswa, inabidi waonekane wameguswa. Siku ile watu walicheka sana, lakini kwenye hadithi ya kitanda walikuwa wamechoka, wengine wanatazama saa. Hakukuwa na uso. Mhariri akatafuta, akakuta wako.

— Akakuta wangu. Kama aliyeokota kitambaa.

— Wote wanafanya hivyo, kaka. Kucheka kwa asubuhi kunawekwa kwenye mchana. Makofi ya mwisho yanawekwa mwanzo. Ndiyo kazi yenyewe.

— Sikiliza, Lenzi. Mimi pia nakata na kuunga, mchana kutwa. Mtu ananiletea kitambaa chake, nakikata, namshonea yeye. Siku nikikata kitambaa cha huyu nikamshonea yule, mtaani hapa wataniita nani? Jibu.

Lenzi akavutavuta mkanda wa begi lake.

— Wataniita mwizi! Hawatasema, aa, mkasi tu ndio uliokata, Pindo hakuhusika. Wala hawatasema ni kazi yenyewe. Iondoe hiyo video.

— Sina uwezo huo.

— Nani ana uwezo?

Lenzi akatoa simu, akampigia bosi wake, akaweka sauti wote wasikie. Sauti ya mama wa visikizio ikatoka na haraka zake, nyuma yake watu wanavuta viti. Lenzi akamweleza kwa unyenyekevu: fundi aliyekaa mbele, msiba, familia.

— Maskini, nampa pole, ikasema sauti. Lakini mwambie mlangoni palikuwa na tangazo. Ukiingia ukumbini umekubali kupigwa picha.

— Nilipita mlango wa nyuma! Pindo akapayuka. Wewe mwenyewe ndiye uliyenikalisha!

— Nani huyo? Ni yeye? Mzee, pole sana. Lakini nielewe na mimi. Kipande kile ndicho kinachoibeba video nzima. Mteja amekipenda mno, amesema hajawahi kuona uso wa kweli kama ule. Tukikitoa, hapabaki kitu. Ila nitakufanyia jambo moja: semina ijayo nakuwekea kiti cha mbele kabisa, hulipi hata senti. Ukae, ufurahie. Sawa, mzee wangu? Lenzi, kesho usichelewe.

Simu ikakatika.

Pindo alibaki akiitazama ile simu iliyozimika. Halafu akachukua kikombe cha Kifungu kutoka ubaoni, kimejaa, akakitupa barabarani kwa nguvu zake zote. Kikagonga nguzo ya umeme, kikavunjika, kahawa ikachirizika kwenye vumbi.

— Kiti cha mbele! akasema. Kiti cha mbele!

Mama wa kahawa, ambaye kwa kikombe kilichopata ufa tu huwa analalamika wiki nzima, alikwenda tu akaviokota vigae.

— Tulia, tulia, akasema Mawimbi, safari hii akikaa mbali kidogo. Mimi ninayo dawa. Mwambie mpwa wako si wewe. Siku hizi mashine inatengeneza mtu mzima, na futi yake shingoni, na machozi, hata fulana ya ndani. Mwambie ni wewe wa kutengenezwa. Nitakuja mimi mwenyewe kama mtaalamu, nimweleze kitaalamu. Atakubali, mtayajenga, mambo yamekwisha.

— Hapo umenena, akasema Kifungu. Na mimi nitakuwa shahidi kwamba siku ile ulikuwa hapa kijiweni. Penye miti hapana wajenzi, lakini sisi tupo.

Pindo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwa kitambo kidogo, na hili alilijua mwenyewe moyoni, maneno yale yalimvuta. Ingekuwa rahisi. Mpwa wake angetaka kuamini, maana hakuna anayependa kumchukia mjomba wake. Angesema tu: si mimi. Akajiona akisema, si mimi niliyelia siku dada yangu alipokufa, ni mashine.

— Yaani nikane? akasema, na sasa sauti ilikuwa imempasuka. Nilie mimi, kwa macho haya, dada yangu aliyenibeba mgongoni, halafu nikane machozi yangu? Huyo bwana ameyachukua akayafanya ya mama yake. Nyie mnataka niyafanye ya mashine. Na dada yangu je? Yeye abaki na nini? Hata machozi ya ndugu yake asipate?

Akakaa chini, si ubaoni bali kwenye ukingo wa mfereji, akaficha uso kwa mikono. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Hakuna aliyejua pa kutazama.

Lenzi ndiye aliyesogea. Alivua begi mgongoni, akatoa kompyuta yake ya mkononi, akachuchumaa mbele ya Pindo.

— Kaka. Nakala ya picha mbichi ninayo.

— Mbichi ndiyo nini?

— Ile niliyopiga mwenyewe, kabla haijakatwa. Kila kitu kimo kama kilivyotokea, na sauti yake. Bosi hapendi tuionyeshe kwa watu. Lakini tazama.

Akaifungua. Kifungu na Mawimbi wakainuka, mama wa kahawa akaacha jiko lake, wakakusanyika kwa nyuma.

Mhamasishaji haonekani, anasikika tu. Anasimulia jinsi alivyokwenda kuonana na meneja wa benki kavaa viatu viwili tofauti, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, na meneja akamwambia na yeye ana jozi kama hiyo nyumbani. Ukumbi unalipuka. Kamera inapita polepole kwenye safu ya mbele: mama mmoja anajipiga mapaja, vijana wawili wanagongana mikono, bwana mnene kacheka mpaka kaegemea bega la jirani yake. Jirani huyo ni Pindo. Pindo anatoa simu mfukoni. Anasoma. Kamera imeshampita, inasimama, inarudi. Pindo anasoma tena, midomo ikifuata maneno. Anajaribu kuinuka. Mkono unatokea pembeni, mkono wa mhudumu kavaa kizibao cha buluu, unambonyeza bega chini, na sauti inasikika: mzee, kaa, tunarekodi. Pindo anakaa. Bwana mnene bado kamwegemea, anacheka. Kamera inavuta uso wa Pindo karibu. Machozi yanaanza. Inavuta karibu zaidi. Inakaa hapo, haitikisiki, muda mrefu, wakati ukumbi mzima unapiga makofi kwa ajili ya viatu.

Picha ikaisha. Kifungu alikuwa kafungua mdomo na kuusahau.

— Mpigieni mpwa wangu, akasema Pindo. Aione hii.

— Si umesema hapokei simu yako? akauliza Mawimbi.

— Yangu hapokei.

Mama wa kahawa akafuta mikono kwenye aproni, akachukua namba, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Walimsikia akisema: Mwanangu, hunijui. Mimi nauza kahawa hapa kwa mjomba wako. Kuna jambo la marehemu mama yako, njoo ulione kwa macho yako. Sikulazimishi. Ila njoo.

Akaja. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa, si mbali, akafika na koti jeupe la kazini na kitambaa cheusi kichwani, kasi, kakunja uso. Hakumsalimu mjomba wake. Aliwasalimia wengine kwa kichwa, akasema:

— Nina wateja. Ni nini?

Lenzi akampa kompyuta. Akaitazama akiwa kasimama. Viatu vikasimuliwa, ukumbi ukacheka. Ilipofika mahali Pindo anatoa simu, binti akaacha kupumua kama mtu aliyeona maandishi yake mwenyewe, na kweli yalikuwa yake. Ikaisha. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena yote. Mara ya pili alikaa, akakaa kwenye ubao, mwisho wa kushoto, na hakuna aliyekumbuka kumtahadharisha na msumari.

— Mjomba, akasema bila kuinua macho. Huyu anayekuegemea, hakukuuliza una nini?

— Hakuniuliza.

— Na huyu mwenye kizibao?

— Aliniambia nikae.

Akainua uso, akamtazama Lenzi.

— Wewe ndiye uliyeshika kamera?

— Ndiyo, dada.

— Uliona analia.

— Niliona.

— Ukumbi mzima wanacheka, hakuna aliyemwona. Wewe peke yako ndiye uliyemwona. Mpaka ukamrudia. Mpaka ukamvuta karibu.

— Ndiyo.

— Sasa kwa nini hukwenda kumwuliza kulikoni?

Lenzi akafungua mdomo. Ilionekana kabisa jibu likipanda kooni, jibu la kazi, la kamera haiachwi, la sauti ya bosi masikioni ikisema usiuache uso huo. Na ilionekana likirudi chini. Akatazama mikono yake. Mawimbi akatazama nguzo ya umeme. Kifungu, ambaye aliiona video ile kwenye simu tatu tofauti na kumpigia makofi rafiki yake, akajikuna shingo. Na binti mwenyewe akainamisha kichwa kama aliyesikia swali lilelile akiulizwa yeye, kwa siku ile ya msibani.

Akainuka. Akamrudishia Lenzi kompyuta, akamshika mjomba wake mkono, akamwinua kutoka kwenye ukingo wa mfereji, akamkung'uta vumbi suruali.

— Twende nyumbani, mjomba. Jamaa waliotoka mbali bado hawajaondoka. Nao hawajasikia neno lako.

Pindo akafuta uso kwa mkono wa shati. Alipompita Lenzi alisimama.

— Ile nyingine iondoe.

— Kaka, nimekwambia sina—

— Nimesikia ulichoniambia. Iondoe.

Wakaondoka, yule binti mbele kidogo, hajauachia mkono. Lenzi akafunga kompyuta, lakini hakuirudisha kwenye begi. Akabaki nayo mapajani, kachuchumaa vilevile. Kifungu akavumilia kimya mpaka kikamshinda.

— Wahenga walisema, akaanza, wahenga walisema...

Akatazama kulia na kushoto wamsaidie. Hakuna aliyemsaidia. Akanyoosha mkono kuomba kikombe kingine.

— Kahawa imekwisha, akasema mama wa kahawa, akaliinua birika kwa mikono miwili, zito, linatoa mvuke, akalimwaga lote mferejini.